Maandalizi ya Kujifungua Unguja na Pemba: Vitu vya Kununua Mapema na Vinavyoweza Kusubiri

Familia inayotarajia mtoto huwa na hamu ya kununua kila inachokiona kwenye maduka ya Darajani na Mchangani, na mara nyingi fedha huishia kwenye vigauni, kofia za mapambo na mabeseni ya rangi, ilhali uchungu unapoanza usiku wa manane hakuna hata pakiti moja ya pedi ndani ya nyumba wala pesa ya kukodi gari. Mwongozo huu unafuata kigezo kimoja: kitu kitakachohitajika usiku wa kujifungua, au katika siku chache ambazo mama hawezi kutoka, kinunuliwe mapema, kitu ambacho wifi au jirani anaweza kukifuata dukani siku ya pili yake, kisubiri. Kigezo hiki kina uzito zaidi kwa anayeishi Micheweni, Nungwi au Makunduchi kuliko anayeishi Michenzani mjini, na kina uzito kuliko wote kwa wakaazi wa Tumbatu, Kojani na Kisiwa Panza, ambao hawafiki hospitali kubwa ila kwa kuvuka maji.

Wapo wazee wasiopenda kuona nguo za mtoto zikipangwa kabla hajazaliwa, kwa kuogopa husuda na kwa adabu ya kutoitangulia kadari ya Mwenyezi Mungu. Maoni hayo yaheshimiwe, na wala hayazuii maandalizi, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vya lazima ni vya mama mwenyewe, na kanga, sabuni na ndoo havikosi kazi katika nyumba yoyote. Anayetaka kuepuka maneno na aanze na hivyo, kisha nguo chache za mtoto aziweke kwa mama yake au kwa dada yake hadi siku ifike.

Mimba huhesabiwa kuwa imetimia inapofika wiki ya 37, lakini si kila mtoto husubiri wiki hiyo, kwa hiyo ni vyema mkoba wa hospitali uwe tayari kufikia wiki ya 34, yaani katika mwezi wa nane. Mwenye mimba ya mapacha, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, au aliyeambiwa kliniki kuwa ana presha, ajitayarishe mapema zaidi ya hapo. Muuguzi wa kliniki aulizwe ni vitu gani hasa vinavyotakiwa katika hospitali iliyokusudiwa, iwe Mnazi Mmoja, Kivunge, Abdalla Mzee au Wete, kwani mahitaji hayalingani kila mahali na kila wakati. Baadhi ya wazazi huambiwa waje na glavu, pamba na mpira wa kutandika kitandani, na ni afadhali kulijua hilo mwezi mzima kabla kuliko kuambiwa mlangoni.

Katika mkoba huo, kanga ndiyo nguzo. Doti tatu, ambazo ni vipande sita, zinatosha kwa uzazi wa kawaida, na hazihitaji kuwa mpya. Kanga kuukuu iliyolainika hunyonya maji vizuri na haimkwaruzi mtoto, wakati kanga mpya ina wanga na hutoa rangi, kwa hiyo ikiwa hakuna budi kutumia mpya, ifuliwe mara mbili tatu kwanza. Zote zifuliwe kwa sabuni, zianikwe kwenye jua kali, zipigwe pasi na kufungwa ndani ya mfuko safi ambao hautafunguliwa mpaka siku yenyewe. Vipande viwili viwekwe pembeni kwa ajili ya mtoto peke yake, na sababu yake inafaa kueleweka na kila atakayemsindikiza mzazi: mtoto huzaliwa akiwa ameloa, na maji yaliyo mwilini mwake humpoza upesi hata katika joto la kaskazi, hivyo kipande cha kwanza ni cha kumkaushia na huwekwa kando kikiwa kimeloa, na cha pili, kilicho kikavu, ni cha kumfunika akiwa amelazwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Kumwogesha kunaweza kusubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri yapite angalau saa 24.

Pamoja na kanga ziwekwe pedi kubwa za wazazi pakiti mbili au tatu, nguo za ndani za pamba zilizo pana, gauni la kufungua kwa mbele ili kunyonyesha kuwe kwepesi, sabuni, mswaki, taulo, kandambili, chupa ya chai, kikombe na maji ya kunywa. Damu ya nifasi huwa nyingi katika siku za mwanzo na inaweza kuendelea hadi wiki sita, kwa hiyo pedi za nyumbani zihesabiwe mbali na zile za mkobani. Anayetumia vitambaa badala ya pedi za dukani hana ubaya wowote, ili mradi vifuliwe kwa sabuni na vikaushwe juani badala ya kufichwa chini ya kitanda, ambako hubaki na unyevu na kuweza kumletea maambukizi. Kwa mtoto, mkobani zinatosha fulana mbili za pamba, kofia moja, soksi na nepi chache. Kadi ya kliniki na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi vikae katika mfuko wa pembeni ambao hata mtoto wa nyumbani ataweza kuuonesha.

Usafiri haununuliwi dukani, lakini ni akiba kama akiba nyingine. Mume, au yeyote anayesimamia nyumba, azungumze mapema na wenye gari wawili, si mmoja, na nambari zao ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa sababu simu huzimika. Pesa ya gari itengwe kwa noti na isiguswe. Mwenye kucheza upatu aombe zamu yake iangukie mwezi wa saba au wa nane. Kwa wakaazi wa visiwa vidogo, mwenye boti naye apewe taarifa, na kalenda ya maji iangaliwe, kwani siku za bamvu maji hukauka sana na chombo huenda kisifike ufukweni kwa saa kadhaa. Katika hali hiyo, mama aliye karibu na siku zake na mwenye ndugu Mkokotoni au Chake Chake afikirie kwa dhati kuhamia kwao wiki mbili kabla. Aidha, watafutwe ndugu wawili au watatu walio tayari kutoa damu ikihitajika, kwa maana mzazi anayetokwa na damu nyingi hana muda wa kusubiri mtu atafutwe mtaani.

Nguo za mtoto zinunuliwe chache, tena kwa kufuata msimu. Wageni wanaokuja kumtazama mzazi huja na nguo, sabuni na mafuta, na mtoto hukua kwa kasi kiasi kwamba nguo ya mwezi wa kwanza haivaliki mwezi wa tatu. Fulana sita, kofia mbili, soksi jozi mbili au tatu na kikoi laini vinatosha kuanzia. Nepi ndizo zinazohitaji hesabu ya kweli: mtoto mchanga anaweza kubadilishwa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, kwa hiyo vitambaa 24 vinampa mama nafasi ya kutumia vya leo huku vya jana vikikauka. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nguo huweza kukaa kambani siku mbili bila ya kukauka, na hapo vitambaa 36 si vingi. Kanga kuukuu za bibi zikikatwa na kupindwa pembe hufanya nepi bora kuliko nyingi za dukani. Mtoto wa kaskazi, katika joto la Disemba hadi Machi, avalishwe fulana nyepesi tu, na sweta linunuliwe kwa anayetarajiwa wakati wa kipupwe. Pampas zinafaa kwa safari na kwa usiku, na pakiti moja ndogo yatosha kwanza, kwani saizi ya mtoto haijulikani kabla hajazaliwa. Kwa upande wa Pemba, ambako bidhaa nyingi huletwa kwa vyombo vya baharini kupitia Mkoani na Wete, vitu hivi visiachwe hadi wiki ya mwisho wakati kusi limechafua bahari. Vilevile, mwenye siku zake karibu na Idi anunue kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, wakati maduka bado hayajajaa.

Vipo vitu ambavyo ni afadhali visinunuliwe kabisa. Chupa ya kunyonyeshea na maziwa ya kopo havina nafasi katika maandalizi ya mtoto ambaye mama yake ana afya, kwa kuwa mtoto anatakiwa anyonye ndani ya saa ya kwanza, apate dang'a, ambayo ndiyo kinga yake ya mwanzo, kisha aendelee na maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, bila ya maji, bila ya uji na bila ya dawa za kutuliza tumbo. Poda haina faida na vumbi lake huingia mapafuni. Mafuta ya nazi safi yanatosha kwa ngozi. Wanja nao uachwe, ijapokuwa ni desturi yetu ya siku nyingi, kwani baadhi ya wanja una risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Kitovu hakihitaji majivu, mafuta wala mate: kiachwe wazi, kikavu na safi, na nepi ifungwe chini yake. Katika jambo hili Pemba ina mchango wake, kwani kati ya 2011 na 2014 ulifanyika kisiwani humo utafiti uliohusisha watoto wachanga zaidi ya 36,000, baadhi yao wakipakwa kitovuni dawa ya klorheksidini na wengine wakiachwa na kitovu kikavu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonesha tofauti ya kutegemewa katika vifo baina ya makundi hayo mawili. Mzazi atakayepewa dawa hiyo na mkunga aitumie kama alivyoelekezwa, lakini asiyepewa asidhani kuwa amepungukiwa.

Baada ya hapo inakuja akiba ya arubaini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu macho yote huwa kwa mtoto. Mzazi anayenyonyesha huwa na njaa na kiu kuliko alivyokuwa mjamzito. Jikoni kuwe na mchele, unga, sukari, tangawizi, mdalasini na pilipili manga ya kutosha uji wa wiki mbili za mwanzo, na pesa itengwe kwa ajili ya samaki, pweza wa supu, kuku wa kienyeji na mboga za majani, hasa mchicha na matembele. Vidonge vya kuongeza damu alivyokuwa akipewa kliniki visitupwe. Aulize aendelee navyo kwa muda gani. Mtungi wa gesi ujazwe, au gunia la mkaa liwepo, maana maji ya moto huhitajika kutwa nzima. Penye mfereji unaokatika, mapipa mawili yenye vifuniko yajazwe mapema, na maji ya kunywa yachemshwe. Mkandaji apewe taarifa ya wakati wake, naye aambiwe wazi kwamba maji yasiwe ya kuunguza, na kwamba mzazi aliyepasuliwa hakandwi tumboni wala hafungwi mkaja, yaani kitambaa cha kukaza tumbo, mpaka daktari aruhusu. Moto wa mkaa na chetezo cha ubani visiwekwe ndani ya chumba alimolala mtoto, kwa sababu moshi unaoonekana mdogo kwa mtu mzima ni mzito kwa mapafu machanga.

Chandarua chenye dawa kiwepo na kisiwe na matundu. Wajawazito hupewa kliniki, na asiyepewa akiulizie. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila ya mito.

Kipimajoto ni kitu kidogo kinachostahili kununuliwa kabla ya kofia ya pili. Joto la mwili likifika nyuzi 37.5 au zaidi, au likishuka chini ya 35.5, mtoto apelekwe hospitali bila kungojea asubuhi. Apelekwe vivyo hivyo akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akishikwa na degedege, viganja na nyayo zikigeuka manjano, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha. Kwa mama, damu inayolowesha pedi chini ya saa moja, homa, maumivu makali ya kichwa au macho kuona kiwi ni sababu ya kuita gari lile lile lililozungumzwa tangu mwanzo.

Karatasi ya taarifa ya kuzaliwa anayopewa mzazi hospitalini ihifadhiwe pamoja na vitambulisho vya wazazi wote wawili, ili baba aweze kwenda kumsajili mtoto katika Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii huku mama akiwa bado ndani. Ama akika, ni sunna njema na mwenye uwezo aiwekee fedha yake kando, lakini fedha ya gari na ya chakula cha mzazi itangulie, kwa kuwa akika ikikosekana siku ya saba inaweza kufanywa siku ya kumi na nne au ya ishirini na moja. Kwa siku ya kumnyoa mtoto kiwekwe kiwembe kipya, kitakachofunguliwa wakati huo huo na kutupwa baada ya kazi.