Kabla ya kupima sumu ya madini ya risasi, pima chakula cha panya

Watafiti na wanafunzi wa Dar es Salaam wanaowalisha panya wa maabara chakula cha kuku wa mayai, kwa kuwa ndicho kinachopatikana kirahisi madukani, wafahamu kwamba chakula hicho huwa na kalsiamu ya takriban gramu 35 hadi 40 kwa kilo, ilhali panya anayekua anahitaji gramu 5 hivi kwa kilo ya chakula. Zile chembe nyeupe za makombe na chokaa zinazoonekana ndani yake si jambo dogo, kwani kalsiamu na risasi (ile metali yenye sumu anayopewa panya katika jaribio) hugombea baadhi ya njia zilezile za kufyonzwa utumboni. Panya aliyeshiba kalsiamu hufyonza risasi kidogo, na sumu huonekana hafifu kuliko ilivyo. Mwenye upungufu wa kalsiamu au chuma hufyonza zaidi, hata kwa dozi ileile. Pumba nazo zina fitati, kemikali ya asili ya mimea inayonasa zinki na kuipitisha kwenye kinyesi. Ninawasihi mpeleke sampuli ya kila gunia jipya ipimwe kalsiamu, fosforasi, chuma na zinki, na kundi la ulinganisho (panya wasiopewa risasi) lilishwe kutoka gunia hilohilo.