Anza na kikombe

Mwanangu ana miaka mitatu, hasemi. Akitaka maji alikuwa akinivuta kanga hadi jikoni. Ili ajifunze kuomba kwa kunikabidhi picha, nilianza na moja tu, ya kikombe chake chekundu. Niliipiga kwa simu, nikaichapisha stesheneri, nikaibandika kwenye kipande cha boksi na kuifunika kwa selotepu pana, maana mate hayana huruma.

Shika maji ayaone. Bibi au dada akae nyuma yake, amwongoze mkono akukabidhi kadi. Akishakupa, sema "maji!" na umpe papo hapo. Usimuulize "unataka nini?", wala usimlazimishe kutamka. Wa nyuma apunguze msaada kidogo kidogo. Picha ya pili isubiri.

Ya kwetu ilikuwa embe. Aliniletea usiku wa manane, nikaamka, nikamenya.