Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Watoto Yenye Taharuki na Siri Inayofichuka

Riwaya ya namna hii hutungwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Mwandishi anayeanza sura ya kwanza kabla hajaujua ukweli uliofichwa hufika katikati na rundo la maswali, kisha hubuni jibu ambalo dalili alizokwisha kuzitaja hazilibebi. Mtoto msomaji hulitambua hilo upesi. Hatalalamika, atakifunga kitabu na hatakifungua tena.

Andika ukweli kwanza

Chukua ukurasa mmoja, uandike kilichotokea kwa mfuatano wa tarehe, bila fumbo lolote, kama unayetoa taarifa. Jibu maswali manne: nini kilitokea, nani anajua, nani anaficha na kwa sababu gani, na tukio liliacha alama zipi. Swali la nne ndilo watu hulipita haraka, ilhali dalili zote za riwaya hutoka humo.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Zawadi ana miaka 11, au ndivyo alivyoambiwa. Kwa kweli ana 12. Wazazi wake walikufa katika mafuriko akiwa na mwaka mmoja. Akachukuliwa na mdogo wa mama yake, ambaye Zawadi humwita Mama bila kujua lolote. Siku aliyoletwa ikafanywa siku yake ya kuzaliwa. Sababu ya kuficha ni hii: jioni ya mafuriko, mama huyo aliambiwa mto unajaa, akamwonye dada yake. Akaona giza limeingia, akasema atakwenda alfajiri. Alfajiri hapakuwa na nyumba.

Tazama kwamba anayeficha si mwovu. Mwovu akificha, msomaji hupata hasira tu. Mtu anayempenda mtoto akificha kwa aibu na hofu ya kuchukiwa, mtoto msomaji hupata swali zito la kubeba: je, ukweli huu ukijulikana, nitampoteza huyu niliye naye? Swali hilo ndilo litakalomfanya afungue ukurasa unaofuata.

Kabla ya kwenda mbele, chora jedwali la miaka: umri wa kila mhusika siku ya tukio, na umri wake leo. Katika mfano wetu siri yote imeegemea mwaka mmoja. Ukikosea hesabu mahali pamoja, nyumba nzima inaanguka.

Mtoto na mipaka yake

Kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 12, mhusika mkuu awe na miaka 11 au 12, kwa kuwa watoto hupenda kusoma habari za waliowazidi kidogo. Usimpe uwezo wa mtu mzima. Hana usafiri, hana fedha, lazima arudi nyumbani kabla ya giza, na akiuliza huambiwa "wewe bado mdogo." Mipaka hiyo usiione kuwa kikwazo cha hadithi, maana taharuki huzaliwa humo. Mtu mzima angekwenda ofisini kuomba nakala ya cheti, sura mbili zikatosha. Zawadi itambidi angoje siku Mama anapokwenda msibani, apande juu ya kiti, ashushe sanduku, na alirudishe kama lilivyokuwa kabla mlango haujagongwa.

Dalili: hapa ndipo kazi ilipo

Kwa riwaya ya maneno 35,000 hivi, dalili za kweli saba hadi tisa zinatosha, pamoja na mbili au tatu za kupotosha. Ziweke katika daftari lenye safu nne: kinachoonekana, anachodhani mtoto, maana halisi, na sura inapotokea. Safu ya pili ikiwa tupu, dalili hiyo haijaiva, kwa sababu msomaji hupotea vizuri pale mtoto anapokuwa na maelezo yake yanayoingia akilini.

Dalili kuu ya Zawadi ni kadi ya kliniki. Sehemu ya juu, penye jina na tarehe ya kuzaliwa, wino umesambaa kwa maji. Chini inasomeka kwamba mtoto alipimwa akawa na kilo 9, mwezi uleule ambao familia husema Zawadi alizaliwa. Mtoto mchanga hana kilo 9. Huo ni uzito wa mtoto wa mwaka mmoja hivi. Kadi moja imebeba dalili mbili, umri na maji, na Zawadi ataiona ya kwanza sura kumi kabla ya kuielewa ya pili. Dalili inayosomeka mara mbili ina thamani kuliko tatu zinazosomeka mara moja.

Kuficha dalili mbele ya macho kuna njia zake. Iweke katikati ya orodha: sandukuni mna kitana, kadi iliyoloa, na njuga ya mtoto inayolia ikiguswa. Msomaji atakumbuka njuga. Au itaje, kisha papo hapo lete jambo la kuchekesha au la kutisha, akili ihame. Au impe mtoto fahari badala ya shaka: Zawadi ndiye mrefu kuliko wote darasani na meno yake ya utoto yaling'oka kabla ya wenzake, naye hujivunia hayo. Hakuna atakayejiuliza kwa nini.

Kiswahili chenyewe nacho kina maficho ambayo waandishi wengi hawayatumii. Kiambishi "a-" hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Shahidi akisema "alikuja usiku amebeba mtoto," kila msomaji atachora picha ya mwanamke, kumbe alikuwa mjomba. Lakini ukiamua kutumia njia hii, kagua mswada wote, maana neno moja kama "bwana" au "dada" likiponyoka linaharibu kila kitu.

Upatanisho wa ngeli unaweza kumfichua mtu. Kadi imetoweka. Zawadi, kwa tahadhari, anamwambia mjomba: "Kuna kitu changu kimepotea." Mjomba anajibu bila kuinua macho: "Mimi sijaiona." Hakusema "sijakiona." Amejuaje kwamba kinachotafutwa ni kadi? Usimweleze msomaji wakati huo. Acha mazungumzo yaendelee, kisha usiku Zawadi akiwa kitandani ayarudie maneno yale, aketi ghafla.

Kuna pia maneno yenye maana mbili. Bibi jirani, ambaye kumbukumbu imeanza kumwacha, anasema: "Msalimie mama yako mdogo." Zawadi anacheka, maana Mama ni mfupi kweli. Baada ya sura kumi na tano neno hilohilo linamrudia, na safari hii hacheki. Na jina lenyewe, Zawadi, lipo tangu ukurasa wa kwanza: zawadi hupokelewa.

Dalili ya kupotosha sharti iwe na ukweli wake yenyewe. Fundi jirani anafunga mlango na dirisha kila jioni, na Zawadi anamshuku. Mwishowe inajulikana kwamba anajifunza kusoma na anaona haya. Usipoipa dalili hiyo jibu, msomaji atahisi amedanganywa, na atakuwa na haki.

Mpango wa sura

Sura 24 za maneno 1,500 kila moja hutoa maneno 36,000, na sura moja huweza kumalizwa kabla ya kulala. Ajabu ya kwanza ionekane ndani ya sura ya kwanza, si baada ya kuieleza familia nzima. Kufikia sura ya 6 Zawadi awe ameamua kutafuta. Sura ya 12 apate jibu lisilo sahihi lakini linaloshabihiana na kila alichokiona: anaamini aliibwa. Hii nguzo ya katikati ndiyo inayokosekana katika miswada mingi. Bila hiyo, sura ya 8 hadi ya 16 huwa kutangatanga kutoka dalili hadi dalili. Kwa imani hiyo potofu Zawadi atatenda makosa, atamwumiza Mama kwa maneno, na kufikia sura ya 18 atakuwa amepoteza kadi na rafiki aliyemsaidia. Ukweli utoke sura ya 21. Tatu zinazobaki ni za kujifunza kuishi nao. Usizikate.

Kuikaza taharuki

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, katika mahojiano yake na mwongozaji mwenzake Mfaransa, François Truffaut, mwaka 1962, alitofautisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila mtazamaji kujua, atashtuka kwa sekunde 15. Akijua lipo huku wahusika wanapiga soga, atateseka kwa dakika 15. Kwa watoto bomu si lazima. Zawadi yuko juu ya kiti, sanduku mkononi, na msomaji ameshaambiwa kwamba Mama ameghairi safari yuko njiani. Sasa mwache Zawadi afungue polepole. Sentensi zifupike kadiri hatari inavyokaribia, lakini usifupishe zote mfululizo kwa zaidi ya nusu ukurasa, kwani sikio huzoea.

Mwisho wa kila sura ubadilishe. Moja iishe kwa swali, nyingine kwa uamuzi, nyingine kwa kitu kidogo kisicho mahali pake: kiti kimesogezwa. Kumaliza sura kwa kelele ambayo sura inayofuata inasema ilikuwa paka kunaruhusiwa mara moja tu katika kitabu kizima.

Ronald Knox, kasisi Mwingereza aliyeandika pia hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi mwaka 1929. Mojawapo inakataza bahati kumsaidia mpelelezi. Kwa riwaya ya watoto ishike kwa nguvu: bahati mbaya imwangukie Zawadi kadiri upendavyo, lakini bahati njema isimpe hata dalili moja ya msingi.

Sura ya ufichuzi

Makosa mawili hurudiwa hapa. La kwanza ni mtoto kusikia kila kitu akiwa nyuma ya mlango. La pili ni barua ndefu inayoeleza yote. Njia zote mbili humnyang'anya mtoto kazi yake. Zawadi aunganishe mwenyewe sehemu kubwa, aziweke dalili mezani moja moja mbele ya Mama: kilo 9, wino uliosambaa, "sijaiona," "mama yako mdogo." Mama aongeze jambo moja tu ambalo hakuna dalili ingeweza kulisema: kwamba aliambiwa jioni, akangoja alfajiri. Mpe mikono yake kitu cha kufanya wakati anasema, na asimalize kwa kuomba msamaha kwa ufasaha. Maneno 1,500 hadi 2,000 yanatosha.

Jaribu kwa wasomaji

Wape mswada watoto watatu hadi watano wa umri unaowaandikia. Waombe waandike, baada ya sura ya 8 na ya 16, wanadhani ukweli ni upi. Wote wakiwa wamepatia sura ya 8, ondoa dalili moja au ihamishe mbele. Hata mmoja asipokaribia kufikia sura ya 16, dalili zimefifia mno. Rudia dalili moja kwa namna nyingine. Weka alama pia mahali kila mtoto alipokiweka kitabu chini kwenda kufanya mambo mengine. Wawili wakiachia ukurasa uleule, tatizo kwa kawaida limeanza kurasa tatu au nne nyuma, mahali Zawadi alipoacha kutafuta akaanza kusubiri.