Jinsi ya kuomba kuunganishwa na mtandao wa majitaka Tabora

Ombi la kuunganishwa linapelekwa TUWASA, mamlaka ya maji safi na usafi wa mazingira ya Tabora. Kabla ya lolote, uliza kama bomba la majitaka linapita mtaani kwako. Tabora ni miongoni mwa miji michache nchini yenye mtandao huo, lakini haujafika kila mahali. Ukiambiwa haujafika, usikubali fundi akuchimbie mtaro kwa ahadi kwamba utafika mwakani. Endelea na karo, yaani shimo la majitaka la nyumbani, na gari la kunyonya.

Kama unafika, toka kwanza uangalie kiwanja chako. Maombi mengi yanakwama hapa, si kwenye makaratasi. Mji wetu umekaa tambarare, na majitaka yanashuka yenyewe, hayasukumwi. Bomba la inchi 4 linalotoka chooni linahitaji kushuka kama sentimita 25 kwa kila mita 10. Choo kikiwa nyuma ya nyumba, mita 30 kutoka barabarani, bomba litafika barabarani likiwa chini kwa sentimita 75 kuliko lilipoanzia. Likikuta bomba la mtaa liko juu ya hapo, kazi haiwezekani bila kubadili mpangilio. Tazama na miembe: mizizi hupenya kwenye maungio ya bomba ikifuata unyevu, kisha huziba. Ni bora mtaro uzunguke mbali hata kama gharama itapanda kidogo.

Sasa chukua fomu. Beba nakala ya kitambulisho chako, namba yako ya mteja wa maji, na uthibitisho kwamba nyumba ni yako, iwe hati au barua ya serikali ya mtaa. Mpangaji aende na idhini ya maandishi ya mwenye nyumba.

Baada ya hapo atakuja mpimaji. Siku hiyo uwepo mwenyewe, usimwachie mtoto wa jirani ufunguo. Mwonyeshe choo, bafu, sinki la jikoni na karo la zamani, na umwombe akuelekeze chemba, yaani vishimo vyenye mfuniko vya kukagulia na kuzibulia bomba, zitakaa wapi. Kila bomba linapokata kona panatakiwa chemba, maana pasipo na chemba, siku likiziba utavunja sakafu.

Utapewa makadirio ya gharama. Yasome, uliza kila usichoelewa, kisha lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na utunze risiti. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akivaa sare. Wala usijiunganishie usiku na fundi wa mtaani: Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inalihesabu hilo kuwa kosa.

Mtaro usifukiwe kabla ya kukaguliwa. Na hapa nasisitiza: maji ya mvua kutoka kwenye paa yasiingizwe kwenye bomba la majitaka, hata kama fundi wako anaona ni njia ya mkato. Majitaka hutibiwa kwenye mabwawa, ambako bakteria, mwani na jua huhitaji siku nyingi kuyasafisha. Mvua ya masika ikiingia humo, majitaka husukumwa nje kabla hayajasafishika, na wanaoishi upande yanakoelekea ndio wanaoumia. Mwenye hoteli au mama ntilie aweke mtego wa mafuta chini ya sinki, kwani mafuta ya kukaangia yakipoa hugandia ukutani mwa bomba.

Ukishaunganishwa, ankara yako itaongezeka tozo ya majitaka, inayokadiriwa kutokana na maji safi unayotumia. Ombi likikaa bila jibu, andika malalamiko kwa mamlaka yenyewe na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, nakala hiyo ndiyo utakayopeleka EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Karo la zamani linyonywe mpaka liishe, kisha lijazwe kifusi na kushindiliwa. Usiliache na mfuniko wa mbao, watoto huchezea hapo.