Somo: Kuhifadhi Pokémon wako mtandaoni, kuanzia akaunti hadi safari ya kutoka 3DS

Wakuu, somo hili ni la wanaocheza Pokémon (gemu za kukamata na kufunza viumbe wenye jina hilohilo) kwenye mashine ya gemu ya Nintendo Switch, pamoja na wale ambao bado wana 3DS, mashine ya mkononi ya zamani ya Nintendo, kwenye droo. Tutatumia Pokémon HOME, huduma ya kuhifadhi Pokémon mtandaoni iliyotoka Februari 2020. Kubonyeza vitufe ni kazi nyepesi. Watu wanaumizwa na mambo mawili: akaunti iliyofunguliwa ovyo, na safari za kwenda bila kurudi. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Akaunti

HOME haijali kifaa chako, inaijua akaunti yako. Switch ikifa leo, Pokémon walioko HOME wako salama mradi unaweza kuingia kwenye Nintendo Account yako. Ukiipoteza akaunti, hata uwe na Switch tatu hazitakusaidia.

Kwa hiyo tumia baruapepe yako mwenyewe, si ya shule wala ya kazini ambayo itafungwa siku ukiondoka. Nenosiri liwe la hapo tu. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti; utapewa namba za siri za akiba za kuingilia, ziandike kwenye karatasi. Zikikaa ndani ya simu ileile inayoweza kuibiwa, hujafanya kitu. Msidhani natia chumvi: mwaka 2020 Nintendo yenyewe ilitangaza kwamba akaunti takriban 160,000 zilikuwa zimeingiliwa na watu wasiohusika, na baadaye hesabu ikapanda hadi takriban 300,000.

Hatua ya 2: Pakua HOME mara mbili

Moja kwenye Switch, nyingine kwenye simu, na zote uingie kwa akaunti ileile. Hizi mbili hazifanyi kazi sawa. Ya Switch ndiyo inayowatoa Pokémon kwenye gemu na kuwarudisha. Ya simu ni ya kubadilishana na watu, kama Wonder Box (unabadilishana na mtu yeyote bila kuchagua) na GTS (unataja Pokémon unayemtaka). Huhitaji kulipia Nintendo Switch Online, huduma ya mtandao ya Switch, ili kuitumia HOME.

Hatua ya 3: Bure au kulipia

Bure unapata sanduku moja la Pokémon 30. Ukilipia, nafasi inafika 6,000. Kwa maoni yangu anza na bure. Sababu ya kweli ya kulipia ni kuwatoa Pokémon kwenye 3DS, maana bila mpango wa kulipia njia hiyo haifunguki.

Hatua ya 4: Kuhamisha

Sevu gemu, ifunge, fungua HOME kwenye Switch, chagua gemu, wavute Pokémon kwenda upande wa HOME, kisha thibitisha mabadiliko kabla ya kutoka. Kitu alichoshika Pokémon hakisafiri naye, kinarudi kwenye begi lako la gemu. Usishtuke pia ukimkuta ana mashambulizi tofauti akiingia gemu nyingine: kila gemu inatunza mashambulizi yake, na akirudi alikotoka atakuta yale ya zamani.

Hatua ya 5: Jua njia ipi ina marejeo

Hapa someni polepole. Kati ya Sword, Shield, Brilliant Diamond, Shining Pearl, Legends: Arceus, Scarlet na Violet, Pokémon anakwenda na kurudi, ila tu kama gemu anayoiendea inamtambua. Si kila Pokémon yumo kwenye kila gemu, hivyo usiahidi timu yako yote kuhamia.

Let's Go Pikachu na Let's Go Eevee ni habari nyingine. Pokémon wa humo anaweza kuingia HOME na kurudi, lakini akishakanyaga gemu nyingine hata mara moja, Let's Go haimpokei tena. Pokémon GO, gemu ya simu, nayo haina kurudi kabisa: ukishamtuma kutoka GO kwenda HOME, ndiyo basi.

Hatua ya 6: Walioko 3DS

Hawa wanapita kwanza Pokémon Bank, hifadhi ya mtandaoni ya 3DS yenye nafasi ya Pokémon 3,000. HOME inakupa ufunguo wa kuhamishia, nawe unauandika ndani ya Bank. Ufunguo huo unaisha muda haraka, basi shika vifaa vyote viwili mkononi kabla ya kuuomba. Unachagua masanduku mazima, si Pokémon mmoja mmoja, kwa hiyo panga masanduku yako mapema. Na kutoka Bank kwenda HOME hakuna kurudi.

Kinachonifurahisha ni urefu wa njia yenyewe. Pokémon wa Ruby au Sapphire, gemu za Game Boy Advance za mwaka 2002, anaweza kufika Switch leo: anaingia gemu za DS (mashine iliyotangulia 3DS) kama Diamond na Pearl kwa Pal Park, sehemu ya gemu hizo ya kuwapokea wa zamani (inahitaji DS ya mwanzo au DS Lite, zenye tundu la kadi za zamani), anapelekwa Black au White, gemu nyingine za DS, kwa kutumia DS mbili, Poké Transporter, programu ya 3DS, inamchukua kutoka sanduku la kwanza hadi Bank, ndipo HOME. Kila daraja analovuka linakatika nyuma yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikiacha kulipia, Pokémon wangu wanafutwa?
Jibu: HOME haiwafuti hapo hapo. Utabaki unawafikia wale wa sanduku la bure tu, wengine watakusubiri hadi ulipie tena. Kwa hiyo kabla muda haujaisha, weka unaowapenda kwenye sanduku hilo.

Swali: Mimi na mdogo wangu tunatumia Switch moja. Naweza kuchota kwenye gemu yake?
Jibu: Hapana. HOME inasoma sevu za profaili iliyoifungua. Abadilishane nawe, au atumie HOME yake.

Swali: Nataka kuuza kadi ya gemu ya Switch. Wataondoka nayo?
Jibu: Hawaondoki, sevu za Switch zinakaa ndani ya Switch yenyewe. Kadi za DS na 3DS ni kinyume, sevu iko ndani ya kadi, watoe kwanza. Ila jua kwamba Sword, Shield, Scarlet na Violet hazitumii hifadhi ya kawaida ya sevu mtandaoni ya Nintendo Switch Online, kwa hiyo wale wa thamani usiwaache ndani ya gemu tu.

Swali: Kuna jamaa anasema nimpe nenosiri anijazie Pokémon adimu.
Jibu: Usimpe. Kama anao kweli, atakutumia kwa kubadilishana kwenye simu, na hapo hahitaji nenosiri lako.

Swali: Nina 3DS lakini sikuwahi kupakua Bank. Nimechelewa?
Jibu: Kwenye 3DS hiyo, ndiyo. Duka la 3DS lilifungwa Machi 2023, na aliyekuwa ameshapakua Bank ndiye anayeendelea kuitumia, tena bila malipo. Mtafute rafiki mwenye Bank, mbadilishane Pokémon, 3DS zenu zikiwa karibu karibu, awapitishe hadi HOME yake, halafu akurudishie kwenye simu. Mchague rafiki vizuri, maana katikati ya safari Pokémon wote watakuwa kwake.