Kufundisha udongo, mawe na madini kwa chupa, siki na msumari

Mada ya rasilimali mara nyingi huishia kwenye orodha ubaoni: dhahabu Geita, almasi Mwadui, tanzanaiti Mirerani, gesi Songo Songo. Watoto wanaikariri, wanajibu mtihani, halafu ukimwekea mmoja wao kokoto mbili mezani hawezi kukueleza zinatofautianaje. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: mkono uguse kwanza, maji yapimwe, jiwe likwaruzwe, na orodha ya mikoa ije mwishoni. Umepangwa kwa darasa la 3 hadi la 6 lenye wanafunzi 60, yaani vikundi 10 vya watu 6, kwa vipindi vitano vya dakika 40. Darasa likiwa kubwa zaidi, ongeza vikundi. Ukiongeza watu ndani ya kikundi, wa saba na wa nane wanabaki kuchungulia migongo ya wenzao.

Vifaa vya kukusanya wiki moja kabla

Kila kikundi kiwe na chupa tatu tupu za maji za lita 1.5, zote za aina moja, na chupa moja ndogo iliyo wazi kabisa, isiyo na rangi. Kwa darasa zima tafuta msumari wa nchi 3 kwa kila kikundi, chupa nzima ya soda ya kioo, siki nyeupe nusu lita, sabuni ya unga, chekeche la jikoni, rula, saa yenye sekunde, kanga kuukuu ya kukatwa vipande na mipira ya kufungia. Kata chupa mwenyewe nyumbani kwa kisu kikali. Kazi hiyo usiwaachie watoto.

Udongo uwe wa aina tatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Kichanga chukua mtoni au kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Wa ufukweni una chumvi, na ukija kuutumia kuoteshea mbegu utakuangusha. Tifutifu utaupata bustanini au chini ya mti wenye majani yaliyooza. Mfinyanzi uulize kwa wafinyanzi wa vyungu au wafyatua tofali, hao wanajua unakopatikana kuliko kitabu chochote. Kila aina ijae ndoo ya lita 10. Anika juani siku mbili, ponda mabonge, chekecha.

Usiwapeleke watoto kwenye mashimo ya kuchimba mchanga au kokoto. Kingo zake huwa zimechimbwa kwa chini na huporomoka bila dalili. Nenda peke yako ukalete.

Kipindi cha kwanza: kidole kabla ya kitabu

Kila mtoto apewe udongo wa ukubwa wa ndimu na maji kidogo. Aukande, auviringishe, kisha aubane kati ya kidole gumba na cha shahada akiusukuma utoke kama utepe. Kichanga kitakatika papo hapo na kinakwaruza. Tifutifu hutoa utepe mfupi, chini ya sentimita 2.5. Mfinyanzi mzuri hutoa utepe unaozidi sentimita 5 bila kukatika, unateleza na kuacha mng'ao kwenye ngozi. Wapime kwa rula na waandike.

Kosa la kawaida hapa ni maji mengi. Udongo ukishakuwa uji, aina zote tatu zinafanana. Maji yaongezwe kwa matone, na anayezidisha aongeze udongo mkavu.

Jambo moja la kusemwa waziwazi kabla hamjaanza: udongo huu hauliwi. Watoto wamewaona wakubwa wakila udongo unaouzwa sokoni, na wapo watakaoonja. Udongo wa bustanini una mayai ya minyoo. Ndoo ya maji na sabuni iwe mlangoni, na mtu asitoke bila kunawa.

Kipindi cha pili: maji yanapita wapi haraka?

Hili ndilo jaribio linalobeba mada nzima, na ndilo linaloharibika mara nyingi zaidi. Chupa imekatwa katikati. Sehemu ya juu inageuzwa kichwa chini na kukaa ndani ya sehemu ya chini kama faneli. Mdomo unafungwa kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili na kukazwa kwa mpira. Pamba haifai, kwa sababu ukiikandamiza kidogo zaidi katika chupa moja, utakuwa unapima pamba badala ya udongo.

1. Weka mililita 300 za udongo mkavu katika kila faneli: moja kichanga, moja tifutifu, moja mfinyanzi.
2. Gonga chupa mezani taratibu mara 10 ili udongo ujikae.
3. Watoto watatu wamimine kwa wakati mmoja mililita 200 za maji, polepole, katikati ya udongo.
4. Waandike sekunde ambayo tone la kwanza limedondoka.
5. Baada ya dakika 10 wapime maji yaliyokusanyika chini.

Kabla ya kumimina, kila kikundi kitabiri na kuandika utabiri wake. Bila utabiri watoto wanaangalia maji tu. Baada ya kupima, watoe: kama kichanga kimepitisha mililita 120, basi 80 zimebaki ndani yake. Hesabu hiyo ndiyo inayowaonyesha kuwa udongo ni ghala la maji. Kisha uliza: mpunga upandwe wapi, na karanga wapi? Wataelewa kwa nini jaruba za mpunga ziko kwenye udongo unaoshika maji, na kwa nini karanga zinapenda udongo mwepesi ambao vitumba vyake vinaupenya kirahisi.

Sasa matatizo. Mara kwa mara mfinyanzi utaonekana kupitisha maji haraka kuliko tifutifu, na darasa zima litashangaa. Sababu ni mabonge: maji yanapita kwenye nafasi kati ya bonge na bonge, au yanateremka pembeni kwenye ukuta wa chupa. Dawa ni kuponda hadi unga na kugonga chupa. Tatizo la pili ni tifutifu iliyokauka sana yenye mboji nyingi. Maji yanakaa juu kwa muda kama yamekataliwa, kwa sababu mboji kavu husukuma maji. Inyunyizie maji kidogo asubuhi hiyo, ukumbuke kunyunyizia na zile nyingine kiasi hichohicho. Na kama kikundi kimoja kina matokeo ya ajabu, usiyafute. Andika ubaoni matokeo ya vikundi vyote 10 na uwaulize watoto wenyewe kilichotokea.

Chupa ya matabaka

Hii ianze asubuhi na mapema, kwa sababu inahitaji siku nzima. Jaza chupa ndogo udongo wa shambani hadi theluthi, ongeza maji karibu yajae, tia nusu kijiko cha chai cha sabuni ya unga. Sabuni inatenganisha chembe za mfinyanzi zilizoshikana. Ikizidi, povu litakuzuia kusoma. Funga, watoto wapokezane kutikisa kwa dakika 3, kisha iwekwe dirishani na isiguswe tena. Baada ya dakika 1 chora alama ya mchanga uliotua. Baada ya saa 2 chora alama ya vumbi laini. Mfinyanzi utatua kesho yake, na wakati mwingine maji yanabaki na ukungu hata siku ya pili.

Tabaka zikiwa sentimita 4, 2 na 2, jumla ni 8: mchanga asilimia 50, vumbi 25, mfinyanzi 25. Vipande vinavyoelea juu ni majani na mizizi, havihesabiwi. Chupa ikisogezwa katikati ya kazi, anza upya. Hakuna njia ya kuiokoa.

Kipindi cha tatu na cha nne: mawe

Waambie watoto walete jiwe moja kila mmoja, lisizidi ngumi. Wewe leta kokoto kutoka sehemu yanapojengwa majengo. Kokoto ni bora kuliko jiwe la njiani kwa sababu limevunjwa karibuni: ndani yake kunaonekana, ilhali jiwe la njiani limefunikwa na ganda la uchafu na kutu. Usiruhusu nyundo darasani. Ikilazimu kuvunja, vunja mwenyewe nje, jiwe likiwa limefungwa kwenye gunia.

Utakachopata kinategemea ulipo. Mwanza, Singida na Dodoma ni nchi ya granaiti, yenye chembe kubwa za rangi tofauti zinazoonekana kwa macho. Arusha, Moshi na Rungwe utapata mawe meusi ya volkano, mengine yakiwa na matundu. Pwani yote, pamoja na Unguja na Mombasa, utapata jiwe la chokaa lililotokana na matumbawe ya kale, na ukilichunguza utaona maumbo ya kombe ndani yake. Chukua lililo nchi kavu tu. Matumbawe hai ya baharini yaachwe. Mwenye kinyago cha jiwe la Kisii akilete pia, kwa kuwa ni laini kiasi kwamba ncha ya msumari inalichora.

Usianze na makundi matatu ya miamba. Anza na jedwali lenye safu sita: rangi, chembe (kubwa, ndogo, hazionekani), tabaka, matundu, ugumu, siki.

Ugumu unapimwa hivi. Jiwe likikwaruzika kwa kucha ni laini sana. Likishinda kucha lakini likikubali msumari ni la kati. Likishinda msumari na likiacha mkwaruzo kwenye chupa ya soda ni gumu. Chembe za kwazi (madini magumu yanayofanana na kioo) zilizo kwenye granaiti hufanya hivyo. Chupa iwe nzima, kipande cha kioo kilichovunjika kisiingie darasani. Kuna mtego: msumari ukipita juu ya jiwe gumu huacha mstari wa kijivu, na watoto hupiga kelele kuwa limekwaruzika. Huo ni unga wa chuma. Wafute kwa kidole chenye maji. Mstari ukitoka, jiwe limeshinda.

Siki inatambua chokaa. Wakwaruze jiwe kwa msumari hadi upatikane unga kidogo, kisha wadondoshe matone matatu juu ya unga huo. Jiwe la chokaa na marumaru asilia vitatoa mapovu madogo, na sikio likisogezwa litasikia mchirizo. Bila kukwaruza, mapovu yanaweza kuwa machache mno, kwani siki ya dukani ni asidi dhaifu. Jiwe la volkano lenye matundu nalo hutoa mapovu, lakini ni hewa tu inayofukuzwa kutoka kwenye vishimo. Ndiyo maana kila jiwe lidondoshewe maji ya kawaida kwanza: likitoa mapovu kwa maji, mapovu ya siki hayana ushahidi.

Wengi hutumia chaki ya ubaoni kama mfano wa chokaa. Ijaribu nyumbani kwanza, maana chaki nyingi zimetengenezwa kwa jasi (madini laini meupe yasiyo chokaa) na hazitoi povu lolote. Ganda la yai halikuangushi.

Lazima yupo atakayeleta kipande cha tofali, zege au kigae cha dukani. Usimcheke. Tenga meza ya vilivyotengenezwa na binadamu, na uwaulize vimetokana na nini. Zege nayo hutoa povu kwa siki, na hapo unapata nafasi ya kueleza kuwa saruji huanzia kwenye jiwe la chokaa lililochomwa pamoja na mfinyanzi katika joto la takriban nyuzi 1,450.

Jedwali likijaa, makundi yanajitokeza yenyewe: mawe yaliyoganda kutoka kwenye uji wa moto, yaliyotokana na mashapo yaliyogandamana, na yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Jiwe lisiloingia popote liachwe na alama ya kuuliza.

Kipindi cha tano: penseli imetoka wapi?

Sasa rudi kwenye rasilimali, na anza na kitu kilicho mkononi mwa kila mtoto. Penseli ina mti, na ndani yake kuna kinywe (grafiti, madini meusi yanayoandika) kilichochanganywa na mfinyanzi. Kinywe kipo Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Endelea na chumvi (maji ya bahari pwani, chemchemi za maji chumvi Uvinza), kioo cha dirisha (mchanga, magadi na chokaa), mbolea ya fosfeti ya Minjingu, na umeme unaozalishwa kwa gesi ya Songo Songo tangu 2004. Kila kitu kibandikwe kwenye ramani, na swali liwe moja: tukikitumia chote, kinarudi? Mti unarudi baada ya miaka. Kinywe hakirudi. Kwenye udongo watagawanyika, na waachie wabishane kidogo, kwa sababu unatengenezeka lakini sentimita moja mara nyingi huchukua zaidi ya miaka mia. Walimu wa Dodoma wana mfano wa nyumbani: Kondoa, ambako mmomonyoko ulizidi hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanza 1973 na mifugo ikaondolewa 1979 ili ardhi ipumzike.

Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mtoto anaweza kujitolea kuleta zebaki ili aonyeshe inavyoshika dhahabu. Kataa kabisa, na umweleze kuwa mvuke wake hudhuru ubongo.

Upimaji uwe wa vitendo pia: kila kikundi kipewe mawe mawili yasiyojulikana na dakika 10 za kuyatofautisha kwa msumari, maji na siki, na alama zitolewe kwa ushahidi ulioandikwa zaidi ya jina lililotajwa.

Sampuli zihifadhiwe kwenye trei za mayai. Moja ina nafasi 30. Namba iandikwe juu ya doa la rangi nyeupe kwenye jiwe lenyewe, maana karatasi hubanduka, na daftari lionyeshe namba, mahali lilipookotwa na tarehe. Chumvi na magadi viwekwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na mawe, kwa sababu huvuta unyevu na maji yake hufuta namba.