Viza ya Schengen ukiwa Dodoma: faili likamilike kabla hujapanda treni

Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi na wizara zimeshahamia Mtumba, lakini madirisha ya viza karibu yote yangali Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Dodoma, Manyoni au Singida, karatasi moja ikikosekana ni safari nyingine ya zaidi ya kilomita 450, nauli nyingine, siku nyingine ya kuomba ruhusa kazini. Treni ya SGR imeifanya safari hiyo iwe nyepesi tangu mwaka 2024, ila haiwezi kukupa miadi mpya kesho yake, na miadi ndiyo inayochelewa. Kazi ya viza ifanyike Dodoma mpaka iishe. Dar nenda kukabidhi tu.

Hapa tunazungumzia viza ya matembezi ya Schengen: kibali cha kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi 29 za Ulaya, kama Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Italia. Uingereza na Ireland hazimo. Kila moja ina viza yake. Palipo na tofauti kubwa kwa anayekwenda Uingereza, tutasema.

Pasipoti na majina

Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki inagharimu shilingi 150,000, na fomu yake hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Bila namba ya NIDA hufiki mbali. Ukiwa na pasipoti tayari, angalia mambo matatu: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Ikipungukiwa na mojawapo, shughulikia pasipoti kwanza.

Kisha tandaza mezani pasipoti, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, taarifa ya benki na barua ya kazi, usome jina lako katika kila moja. Ni kawaida kukuta cheti kina majina mawili, NIDA ina matatu, na benki imeandika herufi moja tu mahali pa jina la kati. Benki ndiyo rahisi kurekebisha, anza nayo. Tofauti ndogo ya tahajia inafafanuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa, kwa ndoa au kwa dini, linahitaji cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Ofisa anayesoma faili lako hakujui, na hana namna ya kukisia kwamba watu wawili walioandikwa humo ni wewe mmoja.

Ubalozi upi, na lini

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipanga siku 9 Ujerumani na 4 Uholanzi, maombi ni ya Ujerumani hata kama ndege inatua Amsterdam. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Baadhi ya balozi hupokea zenyewe, nyingine hupitishia kwa VFS Global, kampuni inayopokea maombi kwa niaba yao, na nchi isiyotoa viza Dar ama huwakilishwa na nyingine ama huelekeza waombaji wake Nairobi. Soma tovuti ya ubalozi husika, si maelezo ya jirani aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Wapo wanaochagua ubalozi kwa sababu wamesikia kwamba "ule hauna shida". Hoteli wameoda Paris, maombi wamepeleka kwa nchi ambayo watapita siku mbili. Ratiba yao wenyewe inawaumbua.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Lenga kukabidhi faili wiki nane kabla, na miadi itafute mapema zaidi ya hapo, hasa kama unasafiri kati ya Juni na Agosti. Kwa Uingereza fomu hujazwa mtandaoni, si mapema kuliko miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole.

Fedha: ina historia gani?

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa, na mara nyingi si kwa sababu mtu hana fedha. Ofisa haangalii salio la mwisho peke yake. Anaangalia fedha imetoka wapi, imekaa muda gani, na kama inafanana na kazi uliyosema unafanya.

Chukua mfano wa akaunti iliyozunguka kwenye laki nne kwa miezi kadhaa, halafu wiki mbili kabla ya maombi zikaingia milioni 12. Mwombaji anaamini ameonyesha uwezo. Ofisa anaona fedha ya kuazima ambayo itarudi kwa mwenyewe viza ikishatoka. Kuazima fedha "ya kuonyesha benki" kunaharibu faili ambalo pengine lingepita kwa kipato kidogo cha kweli.

Kama fedha hiyo ni yako kwa haki, ithibitishe. Umeuza kiwanja? Weka mkataba wa mauziano. Umeuza ng'ombe mnadani? Weka stakabadhi. VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, mmevunja mwaka? Weka barua ya kikundi yenye muhuri, ionyeshe mgao wako. Usingoje kuulizwa, maana huenda usiulizwe kabisa. Utakachopata ni jibu.

Taarifa ya benki iwe ya miezi 3 kwa uchache. Ya miezi 6 ni bora, na kwa Uingereza ndiyo tunayoshauri. Igongwe muhuri wa benki kila ukurasa. Lakini mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hawezi kueleweka kwa miezi 3. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo akaunti yake inapanda misimu miwili na kulala muda uliobaki. Yeye apeleke taarifa ya miezi 12, stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au za kiwanda kinachonunua zabibu, na aya moja kwenye barua yake inayoeleza misimu hiyo. Mkulima wa alizeti wa Singida anayeuza mara moja kwa mwaka afanye vivyo hivyo. Usipoieleza misimu, milioni za mavuno zitaonekana kama zile za kuazima.

Mfanyabiashara wa sokoni ambaye fedha yake inaishia kwenye droo aanze kupeleka mauzo benki miezi 6 kabla. Miamala ya simu iliyochapishwa na kampuni yenyewe inasaidia kuonyesha mzunguko, ila haishiki nafasi ya taarifa ya benki. Aambatishe leseni ya biashara, cheti cha TIN na uthibitisho wa kulipa kodi.

Kiasi gani kinatosha? Kila nchi ina kipimo chake. Ufaransa, kwa mfano, hutaka euro 65 kwa siku ukiwa na hoteli uliyooda, euro 120 ukiwa huna, na euro 32.50 ukifikia kwa mwenyeji mwenye hati rasmi. Siku 14 za hotelini ni euro 910, mbali na nauli. Kinachozingatiwa ni kiasi hicho kitoke na akaunti bado iendelee kupumua. Safari inayomaliza akiba yote ya mtu inatia shaka.

Ukifadhiliwa na mwenyeji

Barua ya kawaida ya binamu inayosema "nitamhudumia kwa kila kitu" haitoshi kwa nchi nyingi. Ujerumani mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji wake kuchukua Verpflichtungserklärung, hati ya kujifunga kulipa gharama zako. Ufaransa huomba attestation d'accueil, hati ya kumpokea mgeni, kwenye manispaa yake. Mtumie jina la hati kama lilivyo, naye ataelewa aende wapi. Hati halisi, si nakala, ndiyo inayohitajika, kwa hiyo ahesabu siku za kuituma hadi Tanzania. Na hata ukifadhiliwa kila kitu, onyesha kipato chako mwenyewe, kwa sababu swali linalofuata halihusu fedha.

Kwa nini utarudi

Barua ya mwajiri ndiyo karatasi yenye uzito hapa. Iwe na nembo, tarehe, cheo chako, siku uliyoajiriwa, mshahara, tarehe za likizo uliyopewa na siku ya kurejea kazini, pamoja na jina, saini na simu ya aliyeiandika. Tarehe za likizo zifunike tarehe za safari zote; likizo ya siku 10 na tiketi ya siku 16 zinagongana. Ambatisha hati za mshahara za miezi 3, na mishahara hiyo ionekane ikiingia benki kwa kiasi kilekile. Mtumishi wa umma aombe mapema kibali cha kutoka nje ya nchi kwa mwajiri wake, kwani hiki huchelewa kuliko vyote.

Watu hupenda kujaza faili hatimiliki za viwanja. Ziweke, hazidhuru, lakini kiwanja kinaweza kukungoja miaka kumi. Kazi inayokutaka Jumatatu, duka lenye leseni, watoto walio shuleni na mwenzi anayebaki nyumbani ndivyo vinavyoonyesha kwamba utarudi. Kijana asiye na ajira rasmi wala familia ana mlima mkubwa zaidi. Safari yake ya kwanza iwe fupi, yenye sababu mahususi kama harusi, mahafali au maonyesho, na ushahidi wake.

Andika barua ya maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza: wewe ni nani, unakwenda wapi tarehe gani hadi gani, kufanya nini, nani analipa, unarudi kwenye nini. Kila sentensi iwe na karatasi nyuma yake. Hati za Kiswahili, kama barua ya Serikali ya Mtaa au mkataba wa mauziano, zitafsiriwe. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo na kuithibitisha. Uingereza hutaka tafsiri iwe na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake.

Yaliyobaki, kwa haraka

Bima ya safari ifikie angalau euro 30,000, igharimie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, ihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Kadi ya NHIF haihusiki hapa. Tiketi ya ndege oda tu, usilipe kabla ya viza, na hoteli chagua inayokubali kufuta bila kukata fedha.

Picha ni milimita 35 kwa 45, ya ndani ya miezi 6, mandhari meupe au ya kijivu hafifu. Zile zenye mandhari ya bluu zilizobaki kwenye pochi ziache. Mwambie mpiga picha vipimo kwa milimita, maana ukisema "pasipoti saizi" atakupa ile aliyoizoea.

Usipake hina wala piko kwenye ncha za vidole wiki za karibu na miadi. Mashine inaweza kushindwa kusoma alama. Fundi ujenzi au mkulima ambaye vidole vimesagika apake mafuta kila usiku kwa wiki moja au mbili kabla, na siku yenyewe afike mikono ikiwa mikavu. Alama zikichukuliwa zinaweza kutumika tena kwa maombi ya Schengen ndani ya miezi 59.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, apelekewe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya 6. VFS huongeza malipo yao ya huduma. Ukikataliwa, ada hairudi. Lala Dar usiku wa kuamkia miadi badala ya kutegemea basi la alfajiri kutoka stendi ya Nanenane, na kumbuka kwamba pasipoti itabaki huko, kwa hiyo usipange safari nyingine ya nje katikati. Wakala anayekuahidi viza anauza asichokuwa nacho: uamuzi si wake. Akikutengenezea barua ya kazi au taarifa ya benki ya bandia, atakayeadhibiwa ni wewe, na kwa Uingereza udanganyifu unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10.

Ukikataliwa, ukikubaliwa

Jibu la kukataliwa huja na fomu yenye sababu zilizowekewa alama. "Madhumuni ya safari hayajathibitishwa" ina maana mwaliko au ratiba ilikuwa dhaifu. "Shaka juu ya nia ya kuondoka" ina maana hoja ya kurudi haikusimama. Unaweza kukata rufaa kwa utaratibu ulioandikwa kwenye barua hiyo, au kuomba upya. Kuomba upya kuna maana tu kama kuna kilichobadilika. Faili lilelile litapata jibu lilelile. Na kwenye fomu mpya taja kwamba uliwahi kukataliwa, maana kumbukumbu hizo zinaonekana kwa nchi zote za Schengen.

Viza ikitoka, isome ungali dirishani: jina, namba ya pasipoti, tarehe, idadi ya kuingia. Usichanganye muda wa viza na idadi ya siku. Viza ya tarehe 1 hadi 30 Septemba yenye siku 15 inakupa siku 15 tu za kukaa, popote ndani ya mwezi huo, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili kuingia na kutoka kwa kompyuta, kwa hiyo siku moja ya ziada inajulikana. Nakala za mwaliko, bima, hoteli na tiketi ya kurudi zibebe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege: askari wa mpakani ana haki ya kuziomba kabla hujalichukua sanduku lako.